Kimathi alinyongwa kwa bastola moja na risasi sita

UKISIMAMA Endarasha alfajiri, kabla ukungu haujashuka juu ya mashamba ya viazi na kabeji, utaiona milima miwili kwa mpigo mmoja. Mashariki ni Mlima Kenya. Magharibi, karibu kiasi cha kusikia baridi yake usoni, ni safu ya Nyandarua ambayo Wazungu waliipa jina Aberdare. Msitu wa mlima huo wa pili ndio uliokuwa makao ya Dedan Kimathi wa Waciuri kwa karibu miaka minne.

Siku hizo upande huu wa Kieni ulikuwa wa walowezi. Mwafrika aliishi hapa akiwa kibarua tu, na kipande mfukoni. Kando ya msitu, upande wa vijiji vya Tetu, serikali ya mkoloni ilikuwa imechimbisha handaki refu kwa kazi ya kulazimisha, likasimikwa vijiti vyenye ncha ili aliye msituni asitoke kutafuta chakula na aliye kijijini asiingie kukipeleka. Ni karibu na handaki hilo ambapo, alfajiri ya Oktoba 21, 1956, askari wa chifu aitwaye Ndirangu Mau alimpiga risasi ya paja mtu aliyevaa koti la ngozi ya chui.

Picha iliyopigwa baadaye inajulikana na kila mtoto wa shule nchini: mtu amelala juu ya machela, nywele zimesokotana, mikono imefungwa pingu, macho yakimtazama mpiga picha bila kupepesa. Lakini ukimuuliza mtoto huyo, na hata mwalimu wake, Kimathi alishtakiwa kwa kosa gani, jibu litakuwa uasi, au mauaji, au kuongoza Mau Mau. Hakushtakiwa kwa lolote kati ya hayo. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola moja na risasi sita.

Kimathi alizaliwa Oktoba 31, 1920, katika eneo la Thegenge, Tetu. Baba yake alikuwa amefariki kabla yeye hajazaliwa, naye akalelewa na mama na nyanya. Alichelewa kuingia shule. Alianza Karunaini akiwa kijana wa miaka kama 15, kisha akaendelea Tumutumu, katika shule ya misheni ya Kanisa la Scotland. Karo ilimsumbua. Inasimuliwa kwamba alikuwa akikusanya mbegu za miti na kuiuzia idara ya misitu ili apate pesa za shule, na kwa kazi hiyo akaujua msitu kabla hajaufanya kuwa ngome.

Masomo hayakufika mbali, lakini yalimwachia mazoea ya kuandika. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kalamu na karatasi. Alijiunga kwa muda mfupi na jeshi la mkoloni wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, akafanya kazi za vibarua na ukarani huku na huko, akarudi Karunaini akawa mwalimu. Baadaye akahamia upande wa Ol Kalou na Thomson's Falls, mji ambao leo ni Nyahururu, na huko mwaka wa 1952 akawa katibu wa tawi la chama cha KAU. Alikula kiapo, akawalisha wengine. Alikamatwa mwaka huo huo akatoroka, na inasemekana polisi wenyewe walimsaidia. Gavana, Sir Evelyn Baring, alipotangaza hali ya hatari Oktoba 20, 1952, Kimathi alikuwa tayari ni mtu wa kutafutwa.

Mambo ya msituni yameelezwa mara nyingi, nami sitayarudia yote. Agosti 1953 wapiganaji walikutana Mwathe na kuunda baraza la ulinzi, na Februari 1954 likafuatiwa na Bunge la Kenya, Kimathi akiwa kiongozi wake. Aliandika barua kwa maafisa wa serikali na kwa magazeti, akahifadhi kumbukumbu za mikutano, akaweka orodha za vikosi na sheria za nidhamu. Baadhi ya karatasi hizo ziliangukia mikononi mwa serikali na ndizo zilizotuwezesha baadaye kumsikia akizungumza kwa sauti yake.

Hata hivyo si haki kumsimulia Kimathi bila kusema kwamba naye alikuwa hakimu. Msituni kulikuwa na mahakama. Walioshukiwa kusaliti walihukumiwa, na wengine waliuawa, pasipo wakili na pasipo rufaa. Kundi la Stanley Mathenge wa Mahiga lilipokubali kuzungumza na serikali mwaka wa 1955, Kimathi aliwakamata viongozi wake awafanyie kesi, nao wakatoroka. Kufikia wakati huo umoja ulikuwa umevunjika. Wafuasi wake walipungua kwa njaa, kwa mabomu ya ndege, na kwa magenge bandia ya Ian Henderson, yaliyojaa wapiganaji wa jana waliokubali kuwawinda wenzao. Kimathi wa mwaka 1956 alikuwa mtu anayewindwa na kumshuku kila mtu. Wanaotaka kumchora kama malaika huziruka kurasa hizi, na nadhani wanamkosea kwa kufanya hivyo.

Turudi kwenye sheria, maana ndiko liliko fumbo lenyewe.

Chini ya hali ya hatari Gavana alikuwa na uwezo wa kutunga kanuni zenye nguvu ya sheria bila kupitia popote pengine. Moja ya kanuni hizo ilisema kwamba mtu akipatikana na bunduki au risasi bila idhini, adhabu yake ni kifo. Jaji hakuachiwa kuchagua. Hakuwa na ruhusa ya kutazama kama silaha ilitumika, kama mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka 18 aliyebebeshwa mzigo, au kama alikuwa jemadari. Akishakubali kwamba silaha ilikuwapo, ulimi wake ulikuwa umefungwa kwenye neno moja.

Kuanzia katikati ya mwaka wa 1953 mahakama maalum za hali ya hatari zilizunguka Nyeri, Fort Hall, Kiambu, Nakuru na kwingineko kusikiza kesi kama hizo kwa haraka. Mwanahistoria David Anderson, aliyezipekua faili hizo moja baada ya nyingine, alihesabu watu 1,090 walionyongwa kwa makosa yanayohusu Mau Mau. Kati yao 346 tu walipatikana na hatia ya kuua. Waliosalia walikufa kwa kumiliki silaha au risasi, 472. Kwa kuandamana na waasi, 210. Na kwa kulisha watu kiapo, 62. Kwa hivyo Kimathi hakuwa wa kipekee. Aliingia katika foleni ndefu ya watu ambao majina yao hakuna barabara iliyopewa.

Kesi ya Jinai Nambari 46 ya 1956 ilianza mjini Nyeri Novemba 19, chini ya mwezi mmoja baada ya kukamatwa. Mshtakiwa alikuwa bado ana jeraha la paja lililompeleka katika hospitali ya mji huo. Aliyeketi kitini alikuwa Jaji Mkuu mwenyewe, Sir Kenneth O'Connor, jambo ambalo peke yake lilionyesha jinsi serikali ilivyoipima kesi hiyo. D. W. Conroy aliongoza mashtaka. Wakili Frederick Henry Miller alimtetea Kimathi.

Kwa nje, kila kitu kilikuwapo. Jaji mwenye joho, wakili wa utetezi, mashahidi waliohojiwa na pande zote mbili, na wazee watatu Waafrika walioketi kando ya jaji. Wazee hao wamewapotosha waandishi wengi, wanaosema Kimathi alihukumiwa na jopo la Waafrika wenzake. Sivyo. Kenya ya mkoloni ilikuwa na mizani mbili. Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa zito alihukumiwa na jopo la Wazungu wenzake, na uamuzi wa jopo hilo ulikuwa na nguvu. Mwafrika alipewa wazee washauri. Jaji aliwauliza maoni, akayasikiza, na alikuwa huru kuyatupa. Wale watatu wa Nyeri walisema mshtakiwa ana hatia. Wangesema vingine, jaji asingefungwa na neno lao. Utaratibu huo wa wazee washauri, kwa taarifa ya msomaji, uliishi katika mahakama za Kenya hadi 2007.

Kabla hata kesi haijaanza, serikali ilikuwa imechapisha vijikaratasi kwa maelfu vyenye ile picha ya machela na kuvisambaza vijijini. Ujumbe ulikuwa kwamba yamekwisha. Wazee watatu walioitwa kumshauri jaji walitoka katika jamii iliyokuwa imeviona vijikaratasi hivyo, jamii iliyogawanyika kati ya mahomgadi na waliokuwa kizuizini, ambako kutoa maoni yasiyoipendeza serikali kungeweza kumletea mtu balaa. Ni vigumu kuwalaumu, na ni vigumu zaidi kuwaita huru.

Utetezi wa Kimathi ndio unaowashangaza wengi wakiusoma leo. Alisema alikuwa akitoka msituni kujisalimisha. Miaka iliyotangulia serikali ilikuwa imewaahidi wapiganaji kwamba atakayetoka kwa amani hatanyongwa, na suala likawa kama mtu aliyepigwa risasi akiwa njiani anaweza kuhesabiwa kuwa alikuwa akitoka kwa amani. Upande wa mashtaka ulishikilia kwamba masharti hayo yalikuwa yameondolewa kitambo, na kwamba mtu anayejisalimisha hafichami gizani akiwa na bastola. O'Connor alikubaliana na mashtaka.

Je, Kimathi alisema kweli, au lilikuwa neno la mtu anayetafuta mlango katika chumba kisicho na mlango? Baadhi ya wafuasi wake hawataki hata swali hilo liulizwe, kwa kuwa shujaa hajisalimishi. Mimi naona limekaa vibaya. Mtu aliye kizimbani akikabiliwa na kitanzi ana haki ya kusema neno lolote litakalomwokoa, na kazi ya mahakama ni kulipima neno hilo bila kujali jina la mwenye kulisema. Je, mahakama ile ingeweza kufanya hivyo? Novemba 27, siku ya tisa tangu kesi ianze, Jaji Mkuu alitamka hukumu ya kifo.

Ni vyema kulinganisha na kesi nyingine maarufu zaidi. Jomo Kenyatta na wenzake watano waliposhtakiwa Kapenguria mwishoni mwa 1952, hakimu aliyeteuliwa, Ransley Thacker, alikuwa jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kwa ajili ya kesi hiyo. Nyaraka zilizofunguliwa miaka mingi baadaye zilionyesha kwamba Baring alimpa pauni 20,000. Shahidi mkuu, Rawson Macharia, naye alikuja kukiri mwaka wa 1958 kwamba alidanganya kwa kuahidiwa malipo. Hapo ufisadi una sura na una bei, na mtu anaweza kuuelekezea kidole.

Nyeri hapakuwa na haja ya bahasha. Hakuna anayedai kuwa O'Connor alihongwa, na huenda alirudi nyumbani akiamini ametenda haki. Kanuni aliyoitumia ilitungwa na Gavana. Polisi waliomkamata mshtakiwa walikuwa wa Gavana. Zawadi iliyoahidiwa kwa kichwa chake ilitoka katika hazina ya Gavana. Na baada ya rufaa kwisha, mwenye uwezo wa kusamehe au kunyonga alikuwa Gavana huyo huyo, Baring wa Kapenguria. Jaji alikuwa amesimama katikati ya njia ambayo mwanzo na mwisho wake vilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Jaji wa namna hiyo anaweza kuwa mwaminifu kama dhahabu na bado asiwe huru.

Rufaa ilipelekwa katika Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, ikatupwa kabla ya mwaka kwisha. Ombi likapelekwa London katika Baraza la Malkia, nalo likakataliwa mapema 1957. Kutoka alfajiri ile ya handaki hadi alfajiri ya kitanzi zilipita siku 120, na ndani yake zimo kesi, rufaa mbili na Krismasi. O'Connor mwenyewe mwaka huo huo alipandishwa cheo kuwa rais wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki.

Baada ya uhuru, rekodi ya kesi hiyo haikuonekana hadharani. Kwa miongo mingi Wakenya walibishana kuhusu kesi ambayo hakuna aliyeisoma. Mwaka wa 1976 Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walichapisha mchezo wa kuigiza kuhusu kesi hiyo, na tafsiri yake ya Kiswahili ikaitwa Mzalendo Kimathi. Kimathi wa mchezo huo ni wa kubuni kwa kiasi kikubwa, na waandishi hawakuficha hilo. Maina wa Kinyatti, aliyekusanya na kutafsiri maandishi ya Kimathi ya msituni, alikamatwa mwaka wa 1982 na kufungwa miaka sita. Kosa lake? Kupatikana na karatasi iliyodaiwa kuwa ya uchochezi. Serikali ilikuwa imebadilika, bendera imebadilika, lakini kumiliki kulikuwa bado ni hatia iliyotosha. Na mwaka wa 1988 Bunge la Kenya huru lilibadilisha katiba kuwaondolea majaji ulinzi wa kazi zao, hata rais akaweza kuwafuta bila jopo la kuwachunguza. Kinga hiyo ilirudishwa miaka miwili baadaye kwa shinikizo kubwa.

Marufuku ya mkoloni dhidi ya Mau Mau haikuondolewa hadi 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Sanamu ya Kimathi ilizinduliwa Nairobi Februari 18, 2007, nusu karne kamili tangu anyongwe, kwenye barabara yenye jina lake. Mwaka wa 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wahasiriwa 5,228 wa mateso ya wakati wa hali ya hatari pauni milioni 19.9. Malipo hayo yalihusu waliopigwa na kuteswa kizuizini. Hukumu za mahakama za kunyonga hazikuguswa.

Rekodi ya kesi ilikuja kupatikana, na mwaka wa 2017 mwanahistoria Julie MacArthur akaichapisha kitabuni pamoja na hukumu na nyaraka za rufaa. Sasa mtu yeyote anaweza kumsoma Ndirangu Mau akihojiwa na Kimathi akijitetea. Desemba 14 mwaka huo huo, Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Francis Muruatetu, iliamua kwamba sheria inayomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa mwuaji bila kumpa nafasi ya kupima hali ya mshtakiwa ni kinyume cha katiba. Majaji walikuwa wakizungumzia Kenya ya sasa na Katiba ya 2010. Hata hivyo walioisoma Kesi Nambari 46 waliijua hoja hiyo walipoiona.

Kimathi alinyongwa gerezani Kamiti asubuhi ya Februari 18, 1957, akiwa na umri wa miaka 36. Siku iliyotangulia aliruhusiwa kumwona mkewe, Mukami, kama mwenyewe alivyosimulia mara nyingi. Siku hiyo hiyo aliandika barua kwa Padri Marino wa misheni ya Kikatoliki, Nyeri. Haina neno kuhusu bastola, risasi, wala jaji. Inashughulika na mambo ya nyumbani: mama yake mzee, mkewe aliyekuwa kizuizini, na mwanawe ambaye aliomba asaidiwe kupata masomo. Yule kijana aliyeokota mbegu za miti ili alipe karo alikuwa bado anatafuta karo.

Wageni wanaofika Nyeri huonyeshwa kaburi la Lord Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliyefariki mjini humo mwaka wa 1941. Limetunzwa vizuri, lina jiwe na maandishi. Kimathi alizikwa Kamiti mahali pasipowekwa alama. Familia imeomba kuonyeshwa mahali hapo chini ya kila serikali tangu uhuru, na mara kadhaa pametangazwa matumaini yaliyoishia hewani. Mukami alifariki Mei 2023, akiwa ameomba mabaki ya mumewe kwa zaidi ya miaka 60. Alizikwa Njabini, ng'ambo ya pili ya milima ile ya Nyandarua, peke yake.